Doa

Majibu yametoka, zahanati ya Al-Khoudh.
Saa nne asubuhi, nje joto limeshapita arubaini,
na Zahran kaikunja karatasi mara nne
kaitia mfuko wa kanzu kama risiti ya petroli.

Daktari ni kijana wa Samail.
Ananambia kwa Kiarabu, namgeuzia mume wangu kwa Kiswahili,
maana habari za mwili wake huzitaka kwa lugha ya mamake.
Kreatini: hilo nililiacha lilivyo.
Figo: hapo akainua uso.

Jino likiuma, nyumba nzima hailali.
Figo huchuja, huchuja, hazidai mshahara,
na siku zikigoma
ujue zilishanung'unika zamani, hukusikia.

Nikauliza: ni samli yangu?
Miaka ishirini na sita nakaanga sambusa za futari
kwa samli ya kopo, ile inayoganda nyeupe kama mshumaa,
naichuja kwa kipande cha kanga, nairudisha karaini,
kesho tena, keshokutwa tena,
majirani kutoka Hail mpaka Mabela wakileta sahani zao.
Sema, daktari. Nihukumu.

Akazungusha kalamu.
"Mama, yapo mafuta ambayo kiwanda kimeyafundisha kuganda.
Watu ambao damu yao imeyabeba mengi,
wengine wao figo tunazikuta zimechoka.
Wengine. Si wote.
Na ipo sukari, ipo presha, upo umri.
Wawili kuonekana njia moja
si ushahidi kwamba mmoja kamuua mwenziwe."

Nilitaka kosa, akanipa labda.
Labda haisuguliki kwa sabuni.

Makopo niliyatupa yote, hata lile lisilofunguliwa.
Sasa sambusa naoka. Zahran huzitafuna
kama mtu anayesoma barua ya benki.
"Nzuri," husema,
na taya zake zinasema mengine.

Juzi nafua. Mfukoni mwa kanzu nyeupe
doa, duara, ukubwa wa baisa hamsini,
na ile karatasi ndani, imeshiba mafuta
ya parata za Mmalabari pale kwenye pampu.
Nikapandwa na hasira, nikaiinua dirishani nihesabu makosa yake.

Sikuikunjua. Mafuta yalikuwa yameifanya kioo.
Kati ya namba za maabara, ndani ya doa,
mwandiko wake wa penseli, umelala ubavu:

*Kumuuliza daktari.
Parata moja kwa wiki, je?
Rayya halali usiku.
Amwambie si yeye.*

Nilisimama pale mpaka mashine ikamaliza kuzunguka,
ikalia, ikanyamaza.
Kanzu nikaisugua kwa limau. Karatasi
nikairudisha ilivyokuwa, mikunjo minne.

Jumapili tunarudi zahanati.
Atauliza kwa Kiswahili,
na wa kumgeuzia ni mimi.