Kipande cha Reli

Mimi kazi yangu chokaa.
Miaka tisa nachora mistari ya uwanja huu, hapa Tabora,
na miaka yote tisa sijawahi kuutazama mguu.
Hutazama ubao: sisi tuna ngapi, wao wana ngapi,
refa kala kwa nani.

Jumamosi ile ya nyota wa ligi wakaniambia,
Kalunde, leo hakuna mistari.
Lete kamba, lete matairi manne ya baiskeli,
na kwenye mtambaa panya, pembeni kabisa, buibui wanapojenga,
tundika kile kipande cha reli cha shule ya msingi.
Mwalimu Mpuya alinikabidhi kwa sahihi
kana kwamba naazima ng'ombe.

Shija muuza tumbaku hakunyamaza:
"Pointi hakuna. Kombe hakuna. Wanacheza na nani, na upepo?
Hii ni harusi isiyo na bibi harusi."
Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Wakaja wenye majina.
Yule wa mabao ishirini na moja akapiga mipira kumi:
tairi moja, mwamba mara mbili,
mingine ikaokotwa kwa mama ntilie.

Kisha Ndaki Mhoja, beki namba tatu,
tuliyembatiza Panga,
ambaye kila mechi yuko chini, au mwenzake yuko chini,
au kadi iko juu.
Kaitwa kuziba pengo; aliyechaguliwa ana malaria.

Akaweka mpira. Akaondoa jani moja mbele yake.
Hapakuwa na wa kumkaba, wala wa kumtukania mama,
wala dakika ya tisini inayomfukuza kama mbwa.
Hatua mbili. Mguu wa kushoto ukaupitia mpira
kama mkono wa mrina asali unavyotoka mzingani
bila kuudhi nyuki.

Reli ikalia.
Ikalia mpaka stesheni,
mpaka kwa mpishi wa shule aliyeshika upawa
akidhani ni saa ya uji, na siku ni Jumamosi.
Wa pili, ikalia.
Wa tatu ukakosa kwa unene wa kidole.
Wa nne, ikalia, na Shija
kashika kiko chake bila kukiwasha.

Hapo nikaelewa, au nusu yake:
mechi hutuambia nani kashinda,
haituambii kilichomo mguuni.
Mguu ule umefyeka miaka minne
kwa sababu kocha anataka panga, nasi tunataka panga,
na msimamo wa ligi hauna safu
ya kuandikia mguu mzuri.

Sisemi mechi zifutwe.
Jumapili nilikuwa pale pale, nikatukana kama wengine.
Ndaki aliingia dakika ya themanini, akala kadi ya njano.
Ila alipoinuka, nilimtazama miguu.

Jumatatu nikairudisha reli.
Ina alama tatu za vumbi jekundu, nusu duara.
Mwalimu Mpuya akauliza, mbona hukuifuta?
Nikamwambia sikupata kitambaa.