Mtetemo wa Siku Tatu

Visvaldis kaingiza mbao bafuni.
Nje ni digrii kumi na nne chini ya sufuri,
gereji haina mlango, gundi haikauki,
basi plaiwudi ya betula imeegemea beseni
na mimi, Dzidra, mke wa ndoa,
naoga kwa jirani.

Mwezi mzima alikuwa akichagua.
Ubao wa unga? Unakunywa maji kama mlevi wa Jumamosi.
Msonobari? Una vifundo, na kila kifundo kina maoni yake.
Mwaloni? Pensheni yetu haijawahi kulisikia neno hilo.
Nikamwambia mchagua jembe si mkulima.
Akasema jembe haliimbi.

Wufa mbili za inchi nane
kazing'oa katika sinema ya Cēsis iliyofungwa,
koni za karatasi, rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Moja ilichanika. Kaiziba kwa kipande cha mfuko wa chai
na gundi nyeupe, kwa brashi yangu ya nyusi.
Twita kanunua mpya. Bei alinitajia nusu;
nusu ya pili niliisoma kwenye risiti, siku ya kufua.

Akapima kwa penseli, akafuta, akapima.
"Lita arobaini," alisema, "si thelathini na tisa,"
kana kwamba hewa ni maziwa
na kuna mtu atakuja kuyadai.
Alikata kwa msumeno wa mkono,
kwa kuwa ule wa umeme humwamsha Mirdza wa chini,
na Mirdza ana ufagio mrefu.
Vumbi la mbao nililiokota kwenye supu ya njegere,
kwenye soksi, ndani ya sikio la paka.

Majiliwa yalikuwa mawili tu, kona ni nane.
Juu ya kasha akapanga kamusi, pasi ya mamake,
na mtungi wa matango ya chumvi.
Tulikula mkate mkavu hadi gundi ikashika.

"Debe tupu haliachi kuvuma," nikamchokoza.
"Ndiyo maana nalijaza," akajibu,
na mkononi alikuwa na sweta langu la kijani,
sufi ya kondoo, limeshakatwa vipande.
"Lilikuwa na matundu."
Hata mimi ninayo. Sikusema.

Jumapili, moshi wa lehemu ungali hewani,
akaweka santuri ya kinanda cha kanisa.
Ikaja ile sauti ya chini kabisa
inayoingia kwa nyayo kabla ya masikio,
na ndani yake, kama nzi kwenye chupa:
zzzz.

Akafungua skrubu thelathini na mbili.
Akalaumu koni, kisha gundi, kisha kiwanda cha plaiwudi.
Akafunga. Zzzz.
Akaziba tundu la pumzi kwa soksi. Zzzz.
Mimi napiga pasi. Najua.
Nilijua tangu noti ya kwanza:
bilauri mbili za harusi, rafu ya juu kabatini,
zimegusana mabega.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema watu;
changu kilikuwa na utamu.
Jumatatu nilinyamaza kwa ajili ya supu.
Jumanne, kwa ajili ya brashi.
Jumatano ilikuwa ya sweta, na ingeweza kuwa ndefu zaidi.

Alhamisi alfajiri nikamkuta sakafuni,
shavu kwenye ubao,
kama mtu anayesikiliza homa ya mtoto,
sauti ameipunguza hadi mnong'ono ili asiniamshe.
Kidole changu kikaenda chenyewe.
Nikafungua kabati, nikakiweka kati ya bilauri.
Nikamwambia, pandisha.

Kinanda kikashuka ngazi zake zote
hadi chini, bila nzi.

Akanitazama. Kitambo.
"Tangu lini?"
"Tangu Jumapili."
Akacheka hadi Mirdza akagonga dari yake mara tatu,
akacheka tena, tukamwongezea besi.

Bilauri sasa ziko mbalimbali,
nafasi yake upana wa kidole.
Siku akiniudhi, nazisogeza.