Njia ya Saba

Alikuja Novemba, kizibao chake cha manjano bado kina mikunjo ya kiwandani,
buti mpya zikilia sakafuni kama panya.
Jagoda Sobczyk, miaka ishirini na miwili,
cheti cha wiki mbili, mshahara mdogo kuliko wangu,
na ubao wa kuandikia ameukumbatia kifuani
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Sisi wa foklifti tulimcheka.
Taras alimwita Bibi Utepe.
Mimi, mwenye miaka kumi na tisa ya kunyanyua paleti
katika ghala hili la Stryków,
nilisema: huyu atatuhesabia hata pumzi.

Na kweli alihesabu.
Vizima-moto arobaini na vitatu,
kila kimoja akikiinamia asome kama mshale uko kwenye kijani.
Milango ya dharura aliisukuma kwa bega,
asije mvivu akawa ameegemeza masanduku upande wa pili.
Chumba cha betri alikinusa kabla ya kuingia.
Bomba la kuoshea macho alilifungulia, akangoja kutu yote itoke,
akaandika.

Pale lango la tatu, theluji huingia na magurudumu ya malori ya Ostrava,
inakuwa maji, kisha inakuwa kioo.
Kupiga deki si kazi yake.
Alipiga kwanza, ndipo akaenda kumtafuta mwenye kazi.

Alijifunza honi zetu.
Ya Taras mbili fupi. Yangu moja, ya uchovu, au hakuna.
"Bwana Wiesław," aliniambia, "kwenye kona piga
hata ukijua hakuna mtu.
Hasa ukijua."
Neno hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, saa nane usiku,
nilirudi nyuma kwa pupa katika njia ya saba
nikasikia chuma kikisema neno moja.
Nikashuka. Nguzo ya pili toka mwisho, chini kabisa,
imebonyea kidogo,
kama shavu la mzee aliyeng'olewa jino.
Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto.
Nikapanda, nikaendelea.
Juu yake, tani kumi na mbili za vigae vya bafuni.

Saa kumi na moja akapita na tochi.
Hakutazama juu, wanakotazama wageni; alitazama miguu ya shelfu.
Akalaza rula, akapima pengo, akapima tena,
midomo ikitaja milimita kama anasali rozari.
Kisha akatoa utepe.

Grzelak alikuja mbio, masikio mekundu:
malori sita yanangoja, Bremen hawaachi kupiga simu,
na wewe una mwezi mmoja tu hapa!
Sauti ya msichana ilitetemeka. Niliisikia nikiwa kitini.
Mkono haukutetemeka.
Utepe ulikwenda nguzo hadi nguzo.
"Mwezi mmoja na siku nne," alisema.
"Mpakue kuanzia juu. Chini asipite mtu."

Ufa, wanasema, huzibwa.
Chuma kilichopinda hakizibwi; hukatwa, huwekwa kingine.
Saa tatu asubuhi fundi alilegeza bolti
na nguzo ile ikainama yenyewe,
taratibu, bila kuulizwa.

Nilingoja aniulize. Kamera zipo. Rangi ya foklifti yangu
ilikuwa bado imeganda kwenye lile bonyeo, rangi ya chungwa, wazi.
Akaniletea fomu. "Wewe ni mkongwe, nisomee kama nimekosea."
Wapi: ameandika. Kiasi gani: ameandika.
Nini kifanyike, nani aambiwe, shelfu ipi ikaguliwe tena Jumatatu:
mistari yote, mwandiko wa mwanafunzi.
Mmoja tu aliuacha mtupu, akalaza kalamu juu yake,
akanigeuzia mgongo
akaanza kuhesabu kofia ngumu zilizotundikwa ukutani,
polepole, kama mtu asiyezijua tayari kuwa ni ishirini na sita.

Kalamu ya buluu, kifuniko kimetafunwa.
Herufi saba.
Siku ile nilichelewa kifungua kinywa.