P Moja

Kibanda changu kiko Kadutu, kwenye mtelemko wa sokoni:
kompyuta mbili, printa inayokohoa,
betri ya gari chini ya meza kwa saa za giza.
Miaka kumi na tano nachapa memuari za watu.
Mimi sikusoma chuo. Vidole vyangu ndivyo vilivyosoma
sheria, uchumi, afya ya jamii,
vikahitimu mara mia bila kuvishwa joho.

Kabla mashine haijaja, mashine ilikuwa mimi.
Mwanafunzi analeta daftari, nafika ukurasa wa tatu,
vidole vinatangulia macho:
sentensi hii nimeshaichapa.
Niliichapa kwa Cishugi, na kabla yake kwa mtu wa Bagira
aliyelipa nusu kwa maharagwe.
Nilinyamaza. Ukurasa ni faranga mia tano,
na ukurasa wa wizi haulipiwi pungufu.

Wala nisijitakase.
Kwenye flashi ya bluu, kambani, shingoni mwangu,
nina tangulizi kumi na nane.
Aliyechelewa namuuzia: futa Ibanda, weka Bagira,
badilisha mwaka, shukuru Mungu na wazazi.

Mwaka huu chuo kimesema:
kazi haipokelewi bila karatasi ya asilimia.
Unapakia, unangoja,
mashine inachambua kama maharagwe kwenye sinia,
punje huku, kokoto kule.

Nsimire alikuja Jumatano, manyunyu,
kompyuta ameivika kitenge kama mtoto mchanga.
Memuari yake: wanawake wabeba mizigo wa bandarini.
Asilimia arobaini na moja.
Mwanzo wote mwekundu, kama barabara yetu wakati wa mvua.
"Sikuiba," akasema. "Kaka alinipa mfano wa kufuata."

Tukapekua rangi moja moja.
Wekundu mwingine haukuwa na hatia:
jina la chuo, kifungu cha sheria
kilichokaa kwa adabu ndani ya alama zake za kunukuu.
Mashine inajua kufanana. Wizi haiujui;
huo lazima mtu akae aukodolee macho.

Nikabonyeza chanzo namba moja.
Memuari ya zamani. Nikaliona neno.

Neno la Kifaransa la maendeleo lina p mbili.
Usiku ule umeme ulikuwa unapepesa, nikaweka moja.
P yangu moja!
Imetoka hapa, imepanda boti hadi Goma,
imelala ndani ya kazi za watu ambao leo wanafunga tai,
kama mtoto aliyetoroka nyumbani
na kovu lake gotini.
Hakuna aliyeisahihisha,
maana hakuna aliyeisoma.

Sikumwambia Nsimire. Nilishuka tu, nikashuka,
hadi sura ya tatu.
Nyeupe.
Kurasa tisa nyeupe pe, na humo mwanamke anasema:
"Gunia haliniulizi kama nimekula.
Linaniuliza shingo."
Mashine ilikuwa imezunguka dunia nzima na maneno hayo,
ikarudi mikono mitupu.

"Huyu nani?"
"Mama mdogo. Nilimfuata siku nne, naandika natembea."
Ndiyo maana mwandiko wa daftari
ulikuwa unateremka.

Tukafuta utangulizi. Ukurasa ukabaki mtupu,
na yeye naye akabaki hivyo hivyo, mkono shavuni.
Nikamuuliza swali ambalo miaka kumi na tano
sikuwahi kumuuliza mteja:
"Wewe, unataka kusema nini?"

Umeme ukakatika. Nikaunganisha betri.
Akaanza kwa Kiswahili, taratibu, ndipo akageuza Kifaransa,
na mimi nachapa, vidole vimepotea njia,
havijui neno gani linafuata.
Neno la maendeleo hakulitumia hata mara moja.

Flashi bado iko shingoni.
Jana kijana mmoja aliulizia bei.
Nilimwambia arudi kesho,
na kesho ndiyo leo,
na huyo anateremka.