Makubazi

Saa mbili asubuhi nashuka stendi ya Bagamoyo,
mkononi chupa ya maji, mfukoni nauli ya kurudia.
Siku moja tu, nimemwambia Mwanaidi,
mji mkuu wa zamani nitaumaliza kwa miguu.

Mlango wa kwanza njumu zimeng'olewa,
matundu yamebaki kama ufizi wa mtoto.
Wa pili umetiwa kufuli la Kichina.
Wa tatu uko wazi: mwanamke anakuna nazi,
haniulizi natafuta nini.

Kwenye Boma nahesabu matao.
Nafika la tisa, ukanda wa kubazi unakatika.
Wenzangu hapa walibwaga moyo;
mimi nimebwaga kiatu.

Nikaenda nikichechemea, mguu juu, mguu chini,
matumbawe yakinichungulia chini ya chokaa iliyobanduka,
mpaka kwa fundi Pazi, nyuma ya soko.
"Mji mkuu?" Akacheka, uzi mdomoni.
"Huo hata miaka kumi haukutimiza.
Walifunga virago, wakahamia Dari Salama.
Shona yangu hii, dada, nakupa kumi na mitano."

Sikufika Kaole. Sikufika msalabani,
wala kwenye makaburi ya Wajerumani.
Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja peku,
nikisikiliza sindano ikizama na kuibuka
na Pazi akinitajia nani alizaliwa nyumba ipi,
nani aliiuza, nani bado anaidai.

Basi la saa kumi na moja.
Nautazama uzi:
mweupe, kwenye ngozi nyeusi,
haufichi kwamba hapa palikatika.