Stoo

Miaka kumi na tisa nilisujudu
kati ya kitanda na kabati la nguo,
kisogo kikijua mlango utafunguliwa.
Na ulifunguliwa.
"Mama, kiberiti kiko wapi?"
"Mama, Rajabu amemwaga uji."
Nyayo zikaniruka kama mtaro.
Nikitoa salamu kulia, nakutana na soksi,
nikitoa kushoto, ni mguu wa kitanda.

Sikumwomba mtu ruhusa.
Baba Zulfa alipokwenda Mumias mjini kutafuta mbolea
nikavunja kufuli la stoo, maana ufunguo
ulipotea zamani na hakuna aliyeutafuta.

Magunia mawili ya mahindi, moja lina dumuzi.
Pampu ya dawa iliyoziba koo.
Baiskeli isiyo na mnyororo.
Mapanga matatu ya miwa, yenye kutu
tangu kiwanda kiliponyamaza,
na bahasha ya risiti:
tani, makato, makato, makato,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu, sisi.

Nikafagia. Vumbi likapanda
likasimama kwenye mwanga wa kidirisha
kama watu waliosahau walichojia.
Mahindi niliyahamishia jikoni. Baiskeli, chini ya mparachichi.
Risiti nilitaka kuzichoma,
nikazirudisha kwenye bahasha.

"Kibla ni wapi humu ndani?" nilimuuliza Kukhu,
naye akacheka, hana meno, akasema:
"Tafuta Mlima Elgon ulipo,
kisha sogea kulia kidogo tu,
kama unayempisha mwenzako njiani."
Mlima hauonekani stooni.
Nilitoka nje, nikautazama, nikarudi mbio
nimeubeba mabegani usije ukageuka.

Usiku wa kwanza, baada ya Isha,
nikafunga mlango kwa kamba ya katani.
Nilidhani kimya unakiingia
kama maji ya kuoga, unatoka umetakata.
Kumbe nacho kina wageni wake.
Aliingia karani wa mizani na kalamu yake.
Akaingia dada yangu Mwanahamisi,
ambaye tangu matanga ya baba
tunasalimiana kupitia watoto.
Akaketi. Hakusema kitu.
Ile kelele yote niliyoilaani,
uji, kiberiti, nyayo,
ndiyo iliyokuwa imewafungia nje.

Nilitaka kuomba, nikajikuta nahesabu tofali.
Mia na arobaini na moja, na nusu moja.

Panya naye akaja kwa mazoea,
akasimama ukingoni mwa msala
akanitazama
kama mwenye nyumba aliyemkuta mpangaji asiyemjua.
Nikamwambia, mahindi yako jikoni.
Hayo ndiyo maneno ya kwanza
niliyoyasema kwa sauti humo ndani.

Siku nyingine nimekwenda nikasinzia.
Siku nyingine mvua ya saa kumi juu ya mabati
imesoma dua yote peke yake,
mimi nikaitikia amina tu.
Harufu ya molasi haikutoka kwenye sakafu,
paji la uso wangu sasa lina utamu
ambao hakuna anayeujua.
Mwanahamisi bado sijampigia.
Lakini nimekwisha kumtaja, mara mbili, kwa jina lake la utotoni.

Jana, kabla ya alfajiri,
nikaukuta msala umekunjwa mara tatu.
Mimi hukunja mara nne.

Baba Zulfa, ambaye sala yake
ni ya Ijumaa na ya macho ya watu?
Rajabu, tangu matokeo ya mtihani
anajibu kwa mabega?
Kukhu hawezi kufika, magoti yake yamekataa.
Nilipanga kifungua kinywa nikiwatazama mmoja mmoja,
nani ana vumbi kwenye paji.
Wote walikuwa wamenawa.

Sikuuliza.
Nyumba hii kila kitu huulizwa.
Nilichukua nyundo, nikagonga msumari wa pili
karibu na ule wa tasbihi yangu,
chini kidogo, au juu kidogo, sikujua
kimo cha ninayemgongea.
Hauna kitu bado.
Ile kamba ya mlango nimeifungua, nimeanikia nguo.