Asilie

Bukavu, alfajiri, mvua.
Daktari Ciza alinivuta pembeni:
«Moyo nitaushona. Ila mishipa ya kichwa chake
ni myembamba kama nyuzi za mahindi mabichi.
Akilia, akihemahema, damu itakwama njiani
kabla ya kufika kwenye ubongo.
Asilie.»

Basi, Nsimire wangu, miaka minne,
nilimwigia mbuzi wa jirani
aliyekula kitenge cha mke wa mchungaji.
Nilitambaa koridoni na suruali yangu ya kanisani, mee, mee,
mpaka barakoa ikafunika kicheko.

Walimpoza mwili. Moyo wakausimamisha.
Mmoja wao, kazi yake kichwa tu,
hakubandua macho kwenye kioo cha mashine.

Jioni, jicho moja likafumbuka.
«Baba, mbuzi?»

Nikatoka, nikashika ukuta.
Zamu yangu.